Mashine Inasema Bado

Kaka yangu Shabani,

Sijui nikuandikie wapi, kwa hiyo nakuandikia kila mahali. Simu yako haipatikani, na yule mwanamke anayeniambia nijaribu tena baadaye nimeshamchukia kama mke mwenza. Barua hii nitaitupa kwenye vikundi vyote vya mafundi ninavyovijua, kuanzia Njiru mpaka Mombasa, kwa sababu jambo moja nina hakika nalo: kama unapumua, umeinama ndani ya boneti ya mtu mahali fulani. Nanyi mafundi mnaosoma barua isiyo yenu, msione haya, someni. Huenda mmesimama naye hapo hapo, na mikono yake imejaa grisi.

Kesho Ijumaa, baada ya Alasiri, Mjomba Rajabu anataka usomewe hitima ya marehemu. Nimeandika maneno hayo kwa mkono wangu na bado siyaamini. Wewe, hitima! Sufuria kubwa ya pilau imeshaazimwa kwa kina Bi Zaituni, imeegemezwa ukutani uani, na kila nikipita naigeuzia mgongo. Mjomba anasema Mama apumzike. Anasema kusubiri kunamla. Hilo la kumla ni kweli, Kaka, ungemwona mabega yake ungelia. Lakini mtu hasomewi hitima kwa sababu mamake amechoka. Nimebaki na leo tu, na leo yenyewe inakwenda.

Unakumbuka siku uliyoileta ile mashine ya kupimia magari? Ulikuja nayo Majengo umeifunga kwenye leso ya Mama, unaipakata, ukaingia nayo hadi chumbani kana kwamba umeoa. Mama akaacha viazi karai vyake jikoni akaja kuiangalia. Akauliza, "Na hiki kinakula nini?" Ukamwambia kinakula magonjwa ya magari. Akakuambia basi kisilale ndani ya nyumba yake. Kikalala ndani ya nyumba yake, chini ya kitanda chako, mpaka leo kipo.

Mimi wakati ule nilikuwa nimemaliza shule na nimekaa tu, nagombana na kila mtu. Ukanichukua Njiru, kwenye ile gereji yako ya mabati kando ya Kangundo Road, ukanionyesha tundu lililo chini ya usukani. "Sista, kila gari ya siku hizi iko na mdomo. Shida ni watu hawaiulizi." Ukachomeka waya, kioo kikaandika herufi na namba, na mimi nikaona uchawi. Ukacheka. Ukaniambia hizo zinaitwa kodi, na kila kodi ni kosa ambalo gari limejiona nalo.

Halafu akaja yule mzee mwenye pikapu ya sukuma wiki. Nikataka kujionyesha kwamba nimeelimika, nikamwambia, "Mzee, gari yako iko na kodi." Akaruka. "Kodi gani tena? Si ya nyumba nimelipa juzi! Kwani landlord amefika mpaka kwa injini?" Ulicheka ukakaa chini kwenye vumbi. Tangu siku hiyo tukaacha kusema kodi mbele ya watu, tukasema makosa. Mpaka leo nikisikia mtu anataja kodi ya nyumba nakuona umekaa pale chini, spana mkononi, unajifuta machozi.

Ulikuwa mwalimu msumbufu, acha nikuambie. Mashine ikitaja kifaa, mimi nataka kibadilishwe mara moja, wewe unanizuia. "Imetajwa tu. Kutajwa si kuhukumiwa." Injini ikiwa silinda moja haichomi, unanifanya nichukue koili ya silinda ile niihamishie nyingine, kisha nipime tena nione kama kosa limeifuata koili au limebaki palepale. Likiifuata, koili ni mgonjwa. Likibaki, tumesingizia koili ya watu, twende tukaulize plagi, twende tukaulize waya. Wateja wanatusonya, jua linatuchoma, na wewe huna haraka. Nilikuwa nakasirika sana. Sasa ningetoa chochote unikasirishe hivyo tena.

Lakini neno lako kubwa lilikuwa lile moja. Mafundi wa jirani wakipata gari lenye taa ya injini wanafuta kosa kwa mashine, taa inazima, wanapiga makofi: "Imekubali!" Mteja anaondoka na furaha yake. Wewe ulikuwa unawapigia kelele kutoka upande wetu, "Imenyamaza ama imepona?" Wanakutukana kwa mapenzi. Neno likageuka utani wa gereji nzima. Mtoto wa mama wa chai akilia na kuacha, watu wanauliza amenyamaza ama amepona.

Ukanieleza sababu yake siku tuliyokuwa ndani ya gari la mteja, tunatafuna miwa, tunaelekea Ruai. Ukaniambia ukifuta kosa, kompyuta ya gari inasahau kila kitu, inaanza kujipima upya, na inataka muda. Inataka kuwashwa ikiwa baridi, inataka kunguruma imesimama, inataka mwendo wa sawasawa kwa muda mrefu, kisha mwendo wa polepole. Kila ikimaliza jaribio moja inaliandika limekamilika. Mashine yetu ilikuwa ikiandika kwa Kizungu, na wewe ukawa unanisomea kwa lugha ya kwetu huku unaendesha, "Tayari. Tayari. Hii bado. Hii pia bado." Nikakuuliza bado maana yake gari ni zima ama ni bovu. Ukasema, "Si nzima na si mbovu. Bado ni bado. Usiniharakishe." Hukuwahi kumrudishia mtu gari mashine ikisema bado. Watu wakaanza kusema yule fundi wa Njiru anapenda kuzurura na magari ya wenyewe.

Ulivunja sharti lako mara moja tu, na hiyo mara moja ndiyo imetufikisha hapa.

Baba Nekesa sihitaji kukukumbusha. Wengine wanaosoma wajue ni mteja wetu anayekaa Tassia, mtu wa magharibi, mpole, anafanya kazi kiwandani, na mkewe alikuwa mjamzito wa kujifungua wakati wowote. Alikuja jioni, tunafunga. Taa ya injini ilikuwa inawaka. Mashine ikakitaja kihisi kinachosoma mzunguko wa injini, kile kidogo ambacho kikipata joto sana kinakata mawasiliano na gari linazima lenyewe katikati ya barabara. Kifaa chenyewe hakikuwepo Njiru nzima, maduka yamefungwa. Ulimwambia aliache gari. Akakusihi. "Ndugu yangu, nizimie tu hii taa. Mama Nekesa akiiona hiyo taa anashtuka, na daktari amesema asishtuke. Kesho asubuhi nakuletea." Nilikuona unasita. Ukachomeka waya, ukafuta. Taa ikazima. Ulimhurumia mwanamke mwenye mimba asipate hofu, basi. Nani asingefanya hivyo?

Asubuhi Mama Nekesa akashikwa na uchungu kabla ya gari kuletwa. Wakaingia ndani, wakaondoka, foleni ikawaweka juani, injini ikapata joto, gari likazima kwenye mzunguko wa barabara na halikuwaka mpaka lilipopoa. Walipofika hospitali, Mama Nekesa aliokolewa. Mtoto hakuokolewa.

Hakuna aliyekulaumu, Kaka. Nasema tena kwa sababu hukuwahi kulisikia: hakuna. Baba Nekesa alikuja mwenyewe gereji, akakushika mkono, akasema, "Si wewe." Ukamwitikia. Ukaendelea na kazi. Mama akawa anakupakulia, sahani inarudi vilevile. Anakuuliza, unajibu, "Niko poa, Mama." Mimi nakuuliza, "Niko fiti, sista." Mjomba anakuuliza, "Alhamdulillahi." Mama hakukuamini, akakutupia methali kutoka jikoni, mficha maradhi kilio kitamfichua, nawe ukacheka kicheko kile cha mdomo tu. Yaani wewe! Wewe uliyewasumbua mafundi wa Njiru yote kwa lile neno lako ndiye uliyekuja ukajifutia taa mbele yetu sote. Nimekasirika, ndiyo. Nakulilia na nimekukasirikia, na sijui ni kipi kinaninyima usingizi.

Ulinifundisha pia kwamba kosa likitokea, kompyuta huhifadhi hali ya gari ya dakika ile ile, mwendo ulikuwa upi, joto lilikuwa lipi, injini ilikuwa imebeba mzigo gani. Basi na mimi nimehifadhi. Ulivaa ile ovaroli iliyochanika mfukoni, ambayo Mama amekuwa akitaka kuishona. Ulikuwa umemwomba Baba Nekesa lile gari, akakupa bila neno. Ulikuwa umeshamaliza kulifungia kihisi kipya, umekagua na waya wake mpaka mwisho. Ulifuta makosa mbele yangu. Chai yako ilikuwa juu ya ngoma ya breki, nusu. Nikakuuliza twende wote? Ukasema, "Acha niende nayo pole pole mpaka iseme tayari. Wee kaa na gereji." Nikakuambia chai inapoa. Ukasema, "Nitaikuta." Jua lilikuwa limeanza kulegea. Uliingia barabarani ukaelekea Ruai, na ukaonyesha indiketa ingawa nyuma yako hakukuwa na gari.

Sikukuona tena.

Kesho yake gari lilionekana Tassia, limeegeshwa vizuri chini ya ghorofa ya kina Baba Nekesa, limepanguswa vioo. Ufunguo ulikuwa juu ya tairi la nyuma, mahali petu pa kuficha funguo za wateja. Mashine ilikuwa imechomekwa bado kwenye tundu lake. Wewe hukuwepo.

Tumekutafuta, Kaka. Polisi, hospitali, na kule kwingine ambako sitaki kukutaja. Mjomba aliingia kule, mimi nikabaki nje nimeshika ukuta. Akatoka anatikisa kichwa, si yeye, nikajikuta nacheka kwa sauti mbele ya watu wenye misiba yao. Kisha tukarudi tena siku nyingine, na nyingine. Ndipo Mjomba akaanza kusema huenda ulitupwa mtoni, mto una njia zake, mji una mambo yake, na mwenye akili huzika.

Lakini mimi nimeisoma ile mashine, na hakuna mwingine aliyeisoma. Nimeketi ndani ya gari la Baba Nekesa nikaisoma mpaka macho yakaniuma. Kompyuta inajua gari limetembea umbali gani tangu makosa yalipofutwa, na mimi nilikuwepo yalipofutwa. Umbali ule si wa Njiru na Tassia. Ni wa kwenda mbali sana, kupita Ruai, kupita Kangundo yenyewe, na kurudi. Kisha lipo lile jaribio la mwisho, lile jeuri tulilokuwa tukilitukana, ambalo halifanyiki mpaka gari lipoe kabisa usiku mzima ndipo liwashwe. Limekamilika. Maana yake ulilala na gari mahali, ukaliwasha asubuhi likiwa baridi, ukalirudisha kwa mwendo wa sawasawa mpaka mlangoni kwa mwenyewe. Hakuna kosa hata moja, hata lile dogo linalosubiri kabla halijawasha taa. Tayari, tayari, tayari, mpaka chini.

Mtu aliyetupwa mtoni hapangusi vioo. Nimemwambia Mjomba hivyo hivyo, mbele ya watu, na sikuinamisha macho. Akasema, "Rehema, unataka tumwamini mdudu wa waya?" Nikamwambia mdudu wa waya hana haraka ya kula pilau. Nikapigwa kofi la mdomo na Mama. Nililistahili, lakini neno nililolisema silirudishi.

Hicho Mjomba anachotaka kufanya kesho, mimi ninajua jina lake. Anataka kufuta. Dua isomwe, taa izime, nyumba inyamaze, watu wale pilau, waende zao wakisema imekubali.

Nimeiacha barua hii mchana, na sasa nimeirudia, Magharibi imeadhiniwa. Nisikilize kilichotokea.

Wanawake walikuja uani kuchagua mchele wa kesho. Mama akaketi kwenye mkeka kati yao na ungo wake, anatoa mawe. Mimi nilikuwa mlangoni nimenuna. Bi Zaituni, ambaye hana ubaya wowote, akanyoosha mkono akasema, "Mama Rehema, nipe huo ungo mwingine."

Mama akaendelea kutoa mawe.

"Mama Rehema?"

Unajua maisha yake yote hapo Majengo hakuna aliyemwita hivyo. Wauzaji wa viazi, watoto wa madrasa, hata Mjomba nduguye wa tumbo moja, wote wanamwita Mama Shabani. Mikono ikasimama juu ya mchele. Hata mimi nilihisi aibu kusikia jina langu pale, kana kwamba nimeiba.

Mama akauweka ungo chini polepole. "Unamwita nani, Zaituni?"

"Nisamehe, dadangu. Nilifikiri... kwa vile kesho..."

"Kesho kuna nini?"

Bi Zaituni akainamia mchele. Mama akanigeukia mimi. Tangu ulipopotea hajawahi kuniuliza lolote juu ya kazi yetu, unajua anavyoichukia hiyo mashine. Akaniuliza, "Ile mashine yenu, ulisema inasemaje?"

Nikamwambia gari la Baba Nekesa limepona, Mama. Kabisa.

"Na mwanangu?"

Kaka, nilitaka kumwambia yu hai. Neno lilikuwa ulimini. Lakini uliniharibu wewe, siwezi tena kumrudishia mtu gari kabla ya wakati wake. Nikasema, "Bado, Mama."

Akalirudia, taratibu. Bado. Kisha akaunyanyua ungo, akaurudisha mchele wote guniani, ule uliochaguliwa na ule wenye mawe, akafunga mdomo wa gunia kwa kamba. "Huu tutaupika akija," akasema. "Na mimi ni Mama Shabani. Mwambieni Rajabu arudishe sufuria ya watu."

Mjomba amekuja, amefoka, ameondoka. Amesema Ijumaa si moja, na ninamjua, atarudi. Mama amelala kwa mara ya kwanza bila kugeukageuka, au amenyamaza tu, siwezi kujua. Mimi nimekaa na karatasi hii na naogopa, Kaka. Naogopa sana. Leo nimemshikilia Mama kwa neno moja, na kama nimekosea, nimemfunga kwenye neno hilo maisha yake yote. Usiniache nalo peke yangu. Nakuomba.

Baba Nekesa amenituma. Anasema gari halijazima tena tangu ulirudishe. Anasema hana neno nawe, na Mama Nekesa anakusalimu. Amesema nikuandikie hivyo, na nisiongeze chumvi.

Na ninyi mafundi, mkiona pembeni yenu mgeni mwembamba, mkimya, mwenye ovaroli iliyochanika mfukoni, anayekataa kumpa mteja gari mpaka aliendeshe kwanza, msimshike. Atakimbia. Muulizeni tu kwa upole, kama utani, amenyamaza ama amepona? Mtizameni uso.

Kaka, sikuombi uje ukiwa mzima. Nani kati yetu ni mzima? Njoo na taa zote zinawaka, njoo unakohoa moshi mweusi, njoo umevutwa kwa kamba. Sitakufutia hata moja kabla hujanionyesha panapouma. Ovaroli nyingine iko msumarini, uzi na sindano ya Mama viko dirishani, na chai nitachemsha upya.

Ni mimi mdogo wako, mtoto wa Mama Shabani,

Rehema. Bado nipo hapa.